Masijala Iliyoungua: Hotuba ya Cicero kwa Archias Ikisomwa Nakivale

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa ni wapi alikutana na ufasaha wa Warumi, mara nyingi atajibu kwamba ni katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, na mwaka 1969 Mwalimu akaitoa upya baada ya kuirekebisha. Ndani yake Brutus anasimama mbele ya umati na kueleza kwa nini amemuua rafiki yake, na watu wanamshangilia. Kisha anasimama Antonius, na umati uleule unageuka na kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Tukimaliza kusoma tunaambiwa kwamba hiyo ndiyo nguvu ya maneno, na kwamba huo ndio urithi waliotuachia Warumi.

Sina ugomvi na tamthilia hiyo. Nimeisoma mara mbili na ningeisoma tena. Lakini hotuba zile ziliandikwa na Mwingereza karibu mwaka 1599, zaidi ya miaka 1600 baada ya Kaizari kuuawa. Hotuba halisi za Kirumi zipo, na nyingi kati ya zilizobaki ni za mtu mmoja, Marcus Tullius Cicero (106–43 KK), wakili, mwanasiasa na mwandishi wa falsafa. Katika makala hii ninachukua moja tu, tena fupi, aliyoitoa mwaka 62 KK kumtetea mshairi aitwaye Archias. Hotuba hiyo husifiwa kwa yale inayosema kuhusu ushairi na elimu. Hoja yangu ni kwamba sehemu yenye uzito zaidi ni ile inayotangulia, ambayo wasomaji wengi huipita haraka wakiwahi kufika kwenye sifa za ushairi, na kwamba mtu anayeisoma akiwa Nakivale hawezi kuipita.

Kwa msomaji asiyeijua sehemu hii: Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliotangulia kuyajaza ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, waliogawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Endiinzi ni mji mdogo wa wenyeji ulio jirani, ambako Wanyankore na wakimbizi hukutana sokoni. Kutoka huko hadi Mbarara ninakosoma ni mwendo wa saa mbili au zaidi, kutegemea mvua imeifanyia nini barabara. Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuelewana, ingawa Kiswahili cha Mkongomani na cha Mrundi hutambuana kwa lafudhi kabla hata salamu haijaisha.

Tuje kwenye kesi. Archias alizaliwa Antiokia, mji wa Syria uliosifika kwa wasomi wake, na akiwa bado kijana akaanza kuzunguka miji akighani mashairi kwa Kigiriki. Mwaka 102 KK alifika Roma, akapokelewa katika nyumba ya akina Lucullus, mojawapo ya familia kubwa za mji. Baadaye alisafiri na Marcus Lucullus hadi Sicily, na wakati wa kurudi wakapitia Heraclea, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia uliokuwa na mkataba mzuri na Roma. Archias akaomba kuandikishwa kuwa raia wa Heraclea, akakubaliwa. Hapo bado hakuwa Mrumi.

Kisha vikaja vita. Kuanzia mwaka 91 KK miji ya Italia iliyokuwa mshirika wa Roma iliasi, kwa sababu ilichoka kuipigania Roma bila kupewa uraia wake. Roma ilishinda vita, lakini ililazimika kutoa kile kilichoombwa, jambo la kumfikirisha yeyote anayedhani uraia siku zote hutolewa kwa hisani. Sheria ya mwaka 89 KK, iliyobeba majina ya Plautius na Papirius, ilisema kwamba mtu aliyeandikishwa katika mji mshirika angekuwa raia wa Roma kama alikuwa na makazi Italia wakati sheria inapitishwa na kama angejiandikisha kwa pretori, yaani hakimu mkuu, ndani ya siku 60. Archias alikuwa ameishi Roma kwa miaka mingi. Akaenda kwa pretori Quintus Metellus, akaandikwa.

Ikapita miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 65 KK ikaja sheria nyingine, ya Papius, ya kuwaondoa Roma watu walioishi humo bila kuwa raia. Miaka mitatu baadaye mtu aitwaye Grattius akamshtaki Archias kwa sheria hiyo. Maswali yake hayakuwa ya kipumbavu. Liko wapi daftari la raia wa Heraclea lenye jina la Archias? Na kama ni raia wa Roma, mbona haonekani katika sensa hata moja?

Jibu la swali la kwanza lilijulikana na kila mtu mahakamani: masijala ya Heraclea iliungua wakati wa vita.

Nilipofika kwenye maneno hayo mara ya kwanza, katika tafsiri ya Kiingereza niliyoipakua kwenye simu, nilirudi juu kuhakikisha kwamba bado nasoma habari za Roma. Huku kwetu masijala iliyoungua si jambo la kale. Kongo, kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho, na ukiipoteza njiani unafika mpakani ukiwa huna lolote la kuonyesha isipokuwa mdomo wako. Vyeti vya ubatizo, vyeti vya shule, hati za shamba, vyote huwa mahali pamoja, ndani ya nyumba au ndani ya kabati la ofisi, na moto hauchagui.

Cicero hakujaribu kukana kwamba daftari halipo. Nikifupisha kwa maneno yangu, aliwaambia majaji kwamba ni kichekesho kuvinyamazia vitu tulivyo navyo na kudai vile tusivyoweza kuvipata. Marcus Lucullus, aliyeshuhudia kwa macho yake Archias akiandikishwa, yupo hapa na anasema. Wajumbe wa Heraclea wamesafiri hadi Roma kwa ajili ya kesi hii na wanasema huyu ni wa kwao. Kwa nini basi kumbukumbu zilizomo ndani ya watu zitupwe, na zidaiwe zile za karatasi tu, ambazo kila mmoja anajua zilivyoteketea?

Baada ya hapo akaingia katika karatasi zilizobaki, na hapa ndipo ninapomwona wakili hasa. Katika siku 60 zile watu walijiandikisha kwa mapretori mbalimbali, na madaftari yao hayakulingana kwa ubora. Ya Appius yalisemekana kutunzwa ovyo. Ya Gabinius hayakuaminika tena kwa sababu ya mwenendo wa Gabinius mwenyewe. Lakini Metellus alikuwa makini kiasi kwamba jina moja tu lililofutwa katika daftari lake lilimfanya aende mbele ya pretori mwenzake na majaji kueleza wasiwasi wake. Jina la Archias limo katika madaftari hayo ya Metellus, wala halijaguswa. Kuhusu sensa, Cicero anaonyesha kwamba katika mbili za mwisho Archias alikuwa safarini na Lucius Lucullus, ndugu yake Marcus, na kwamba katika ile ya kwanza watu hawakuhesabiwa kabisa. Tena anaongeza kwamba sensa haithibitishi uraia. Inaonyesha tu kwamba aliyehesabiwa alijitokeza wakati huo kama raia.

Sehemu yote hii haifiki theluthi moja ya hotuba. Haina mapambo mengi. Kinachofanyika ndani yake ni kupima ushahidi: karatasi ipi inaaminika na ipi haiaminiki, nani aliona, nani alikuwa wapi mwaka gani, na daftari linathibitisha nini hasa. Mwalimu wa historia angempa alama nzuri.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Fizi, Kivu Kusini, kwa miaka kumi na mmoja. Tulipokimbia mimi nilikuwa bado mtoto wa miaka saba. Diploma yake ilibaki ndani ya nyumba, nyumba ikachomwa. Shule alikofundisha ikachomwa pia, pamoja na kabati la direkta lililokuwa na majina ya walimu wote. Tulipokwisha kutulia hapa alitaka kurudi darasani. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimwambia alete cheti chenyewe au barua kutoka shuleni. Alipoeleza kwamba hiyo shule haipo tena, aliambiwa arudi atakapokuwa na barua. Sasa anauza unga wa muhogo na ndagala katika soko la Endiinzi. Wapo Rubondo na Base Camp watu wasiopungua kumi na watano aliowafundisha kusoma, sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na wakipita kwenye meza yake bado wanamwita Mwalimu. Mmoja wao alijitolea kwenda naye ofisini kushuhudia. Hakuulizwa hata jina.

Siku moja nilimsimulia Mama habari za Archias nikidhani zitamfariji. Alisikiliza hadi mwisho huku akipima unga, kisha akauliza, "Na ule Lucullus, alikuwa mutu wa franga?" Nikamjibu kwamba ndiyo, alikuwa na pesa nyingi sana, na alikuwa amewahi kuwa konsuli, cheo cha juu kuliko vyote Roma. "Basi," akasema, "si watu ndio walisikilizwa. Ni Lucullus."

Hoja hiyo sikuikuta katika utangulizi wa tafsiri niliyoisoma, na ni hoja nzito. Kwa Warumi neno la shahidi lilipimwa pamoja na cheo cha anayelisema. Walikuwa na neno lao, auctoritas, kwa uzito huo wa mtu. Nilirudi kwenye hotuba nikitafuta pa kumpinga Mama, nikawashika wale wajumbe wa Heraclea, watu wa mji mdogo ambao hata majina yao hayatajwi. Nikakuta Cicero ameshawatambulisha kama watu wa hadhi ya juu kabisa. Hivyo Mama alinishinda.

Hata hivyo hoja haifi kwa sababu aliyeitumia kwanza alikuwa na shahidi tajiri. Sisi wanafunzi wa historia tunaijua kwa sura nyingine. Mwaka 1961 Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kongo na baadaye Rwanda na Burundi, alichapisha kitabu chake juu ya mapokeo simulizi. Humo alionyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuchunguzwa kwa ukali uleule unaotumika kwa nyaraka: nani amesema, ameyapata kwa nani, ana faida gani akisema hivyo, na mwingine anasemaje. Samwiri Karugire alitumia masimulizi ya wazee kuandika historia ya ufalme wa Nkore, ardhi hii tunayoikanyaga, na kitabu chake cha mwaka 1971 kinatumiwa hadi leo. Kwa hiyo kumbukumbu ya mzee inatosha kutuambia habari za mtawala wa Nkore aliyekufa kabla Wazungu hawajafika. Lakini kumbukumbu za watu kumi na watano walio hai hazitoshi kutuambia kwamba mama fulani alifundisha darasa la tatu mwaka 2005. Sijaona mantiki inayotenganisha mambo haya mawili, isipokuwa kwamba katika la kwanza hakuna mshahara wa kulipwa.

Sheria ya Papius nayo haifai kupitwa haraka, maana Mbarara imewahi kuona kitu kinachofanana nayo. Oktoba 1982, katika iliyokuwa Wilaya ya Mbarara, machifu wa maeneo na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda kutoka mashambani mwao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda, mpaka Rwanda ikafunga mpaka wake. Wengine wengi walisukumwa ndani ya makazi ya Nakivale na Oruchinga. Waliofukuzwa hawakuwa kundi moja. Walikuwamo wakimbizi wa 1959 na wa miaka iliyofuata. Walikuwamo watoto na wajukuu wa vibarua waliokuja kufanya kazi Uganda enzi za ukoloni. Na walikuwamo raia wa Uganda kwa kipimo chochote, ambao kosa lao lilikuwa lugha wanayozungumza nyumbani. Nani alikuwa nani, hilo lingeweza kujulikana kwa kuuliza majirani. Majirani wengine walikuwa wanagombea malisho yaleyale.

Hapakuwa na pretori wa kusikiliza. Kesi ya Archias, pamoja na Lucullus wake na pesa zake, ilikuwa kesi: mshtaki alitaja sheria, mshtakiwa alijibu, majaji walikaa. Ninapowasikia wenzangu wakisema kwamba balagha ni sanaa ya kuwalaghai watu, huwa nafikiria mwaka 1982. Balagha ya Kirumi ilikua mahali ambapo mtu alilazimika kutoa sababu mbele ya mwingine mwenye haki ya kumjibu.

Uganda ya leo si ile ya 1982, na sitaki msomaji aelewe vibaya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na hapa Nakivale familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, mambo ambayo nchi nyingi zenye utajiri kuliko Uganda hazitoi. Nisingekuwa chuoni bila hayo. Lakini mlango wa uraia ni mwembamba. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1995 inampa mtu aliyezaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962 haki ya kuandikishwa kuwa raia, ila si ikiwa wakati anazaliwa mzazi wake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi nchini. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba njia iliyo wazi kwa mkimbizi ni kuomba uraia wa tajnisi, ambao unataka miaka ishirini ya kuishi nchini. Archias alitakiwa kuwahi ndani ya siku 60. Sisi tunatakiwa kusubiri.

Sasa nije kwenye ile sehemu maarufu. Baada ya kumaliza sheria, Cicero anawaomba majaji wamruhusu kuzungumza kwa namna isiyozoeleka mahakamani, kisha anasifu elimu na ushairi hadi mwisho. Anasema masomo ndiyo yaliyompa uwezo wa kuwatetea watu, na kwamba mashujaa wasiokuwa na washairi husahaulika. Ni katika hotuba hii pia ndipo analihusisha neno humanitas, utu, na elimu.

Kwa karne nyingi hotuba hiyo haikujulikana na wasomi wa Ulaya. Mwaka 1333 Mwitalia kijana, Francesco Petrarca, alipopita Liège aliikuta na kuinakili kwa mkono wake. Baadaye alikumbuka kwamba katika mji ule mzima ilikuwa shida kupata wino, na uliopatikana ulikuwa wa manjano kama zafarani. Petrarca mwenyewe alizaliwa uhamishoni: baba yake alifukuzwa Firenze mwaka 1302, na mtoto akazaliwa Arezzo miaka miwili baadaye. Katika karne ya 15 wasomi wa Italia wakayaita masomo yao ya sarufi, balagha, ushairi, historia na maadili studia humanitatis, maneno yanayopatikana katika hotuba hii. Jina hilo ndilo lililosambaa katika vyuo vikuu vya dunia. Kwa Kiswahili masomo hayo huitwa insia, neno lenye ukoo mmoja na insi na insani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia. Kwa maneno mengine, jina la taaluma yetu limepitia katika faili la uhamiaji.

Njia zilizoyaleta mambo haya kwetu ni nyingi kuliko Shakespeare. Katigondo, seminari iliyo karibu na Masaka, ilianza mwaka 1911, na mwaka 1913 Uganda ikapata mapadre wake wawili wa kwanza Waafrika, walioandaliwa kwa Kilatini. Upande wa Kongo, Stefano Kaoze alipata upadre mwaka 1917. Alexis Kagame wa Rwanda alikwenda mbali zaidi: katika tasnifu aliyoiwasilisha Roma mwaka 1955 alizichambua ngeli za Kinyarwanda kwa kutumia falsafa ya Aristotle, akitafuta humo Wanyarwanda wanavyoelewa kuwapo kwa vitu. Alichofanya Kagame, na alichofanya Nyerere kwa Shakespeare, Cicero alikifanya kabla yao. Wasomi wa wakati wake waliamini kwamba falsafa ni mali ya Kigiriki. Yeye katika miaka yake ya mwisho akaiandika kwa Kilatini, akibuni maneno pale yalipokosekana, likiwamo moralis, ambalo lugha nyingi za Ulaya bado zinalitumia. Tanzania ina BAKITA tangu 1967. Cicero alikuwa BAKITA ya mtu mmoja.

Lakini katika sehemu hiyo hiyo ya sifa ndipo ninapoachana naye. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba Archias ni raia, na huu hapa ushahidi. Ya pili ni kwamba hata asingekuwa raia angestahili kupewa uraia, kwa kuwa ana kipaji na kipaji hicho kinaifaa Roma: ameimba vita vya Warumi dhidi ya Wacimbri na dhidi ya Mithridates, na ameanza hata shairi juu ya ukonsuli wa Cicero mwenyewe. Inawezekana Cicero alihofia kwamba hoja ya kwanza haitoshi. Inawezekana pia alipenda tu kusikia habari zake, kwa maana unyenyekevu haukuwa ugonjwa wake. Vyovyote vile, mgeni ambaye dakika chache zilizopita alikuwa na haki, sasa ana faida.

Hapa Nakivale tunaijua hoja hiyo ya pili kwa sababu inatufikia kila mara ikiwa na kamera. Wageni huja wakitafuta mkimbizi mwenye kipaji: fundi aliyeunda mashine, mwanamuziki, msichana aliyeshinda ufadhili. Mimi mwenyewe nimewahi kupigwa picha nikiwa nimeshika kitabu ambacho si changu. Sioni ubaya wa kusifiwa, na picha zile zimewapatia watu ada za shule. Ila jirani yetu anayelima maharage nyuma ya nyumba hana hadithi ya kumwuzia mgeni. Haandiki mashairi. Alifika kwa miguu kama sisi, akaandikwa siku moja na sisi, na haki yake ya kuandikwa haikupungua hata chembe kwa kukosa kipaji. Nikiwapa wanafunzi wenzangu hotuba hii waisome, nitawaomba waanze na daftari la Metellus, halafu wakipata nafasi wasome sifa za ushairi.

Cicero mwenyewe alikuja kulijua jambo hili kwa mwili wake. Mwaka 58 KK adui yake Clodius alipitisha sheria iliyomfanya aikimbie Italia, kwa sababu akiwa konsuli mwaka 63 KK alikuwa amewaua raia wa Roma bila kuwafikisha mahakamani. Nyumba yake ya mlima Palatino ilibomolewa. Barua alizoandika kutoka Thesalonike zimejaa machozi, na falsafa aliyoipenda haimsaidii kitu ndani yake. Kilio chake ni cha hadhi yake, nyumba yake na watoto wake. Aliruhusiwa kurudi baada ya mwaka mmoja na nusu hivi.

Hukumu ya kesi ya Archias haimo katika hotuba, ingawa wanahistoria wengi huamini kwamba alishinda. Kuhusu lile shairi lililoahidiwa, mwaka 61 KK Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus akilalamika kwamba Archias hajaandika lolote juu yake. Mwaka uliofuata akaliandika yeye mwenyewe. Mashairi ya Archias juu ya Wacimbri na Mithridates nayo yamepotea yote, kwa hiyo ile faida waliyoahidiwa majaji hatunayo tena. Kilichobaki ni kesi. Na katika kesi hiyo, tangu maneno ya mwanzo kabisa, kabla ya shahidi kusimama na kabla ya daftari kufunguliwa, Cicero anamwita mteja wake Aulus Licinius, jina la Kirumi, jina la raia. Jina la Archias, alilotoka nalo Antiokia, linasikika baadaye kidogo, pale wakili anapoanza kusimulia kijana huyo alikotokea.